Mazimbu Yatufunza: Lugha Iliyotuunganisha Isiishie Mlangoni

Yapo mambo mema ambayo mtu akiyazoea huyasahau asili yake. Mkazi wa mji wa Morogoro afunguaye bomba asubuhi ni nadra akumbuke kwamba maji yale yameshuka kutoka katika milima ya Uluguru, na kwamba misitu ya huko juu ikikatwa, bomba nalo litakauka. Ndivyo ulivyo umoja wetu. Wengi huusifu umoja wa Tanzania kana kwamba ni tabia ya udongo wetu, au kana kwamba sisi tulizaliwa wapole kuliko binadamu wengine. Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Umoja wetu ulitengenezwa na watu, kwa kazi na kwa vifaa vinavyojulikana. Nacho kifaa kilichotengenezwa na watu chaweza kuharibiwa na watu, au kuachwa kikashika kutu.

Leo twapenda kulieleza jambo hili kwa kuitazama Mazimbu, iliyo pembeni mwa mji wa Morogoro, kisha kuilinganisha na nchi ya mbali, Indonesia, ambayo watu wake, lugha zake na dini zake ni nyingi kuliko zetu. Neno letu ni moja: lugha iliyotufanya kuwa taifa tumeiacha mlangoni mwa shule ya sekondari, wala hapana sababu ya haki ya kuendelea kuiacha huko nje.

Na tuanze na wenyeji. Wenye milima ile ni Waluguru, na jina lao maana yake ni watu wa mlimani. Kwa desturi yao mtoto hufuata ukoo wa mama, na ardhi ilishikwa na ukoo, si na mtu mmoja mmoja. Huko Kinole jina la Kingalu ni jina la kiti: huachwa na mmoja na kushikwa na mwingine. Jirani zao tambarare ni Wakutu na Wakami. Upande wa Kilosa na Gairo wako Wasagara, Wavidunda na Wakaguru. Kaskazini wako Wazigua na Wanguu. Na bonde la Kilombero lina Wapogoro, Wandamba na Wambunga. Kila mmoja alikuja na lugha yake, ijapokuwa nyingi za lugha hizo ni ndugu.

Wala mji wenyewe wa Morogoro haukujengwa na kabila moja. Katika karne ya 19 Kisabengo, kiongozi mwenye asili ya Kizigua, alijenga hapo mji wenye boma, ukajulikana kwa jina la Simbamwene. Stanley alipopita mwaka 1871 akaukuta ukitawaliwa na binti wa Kisabengo. Njia ya misafara ilipita hapo, nayo ilileta Waswahili na Waarabu wa pwani, Wanyamwezi wenye mizigo ya pembe, na Waislamu wenye vitabu vyao. Mwaka 1907 reli ya Mjerumani kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro. Pamoja na reli likaja shamba la mkonge, na pamoja na mkonge wakaja manamba.

Mazimbu lilikuwa shamba la mkonge. Wasomaji wetu walio wafanyakazi hawahitaji kuelezwa shamba la mkonge ni kitu gani. Katika mashamba yale walikutana Wabena na Wahehe, Wangoni na Wamakonde, Wanyamwezi na Wasukuma, pamoja na watu waliovuka mipaka kutoka Msumbiji na Ruanda-Urundi. Walilala kambi moja, wakakata mkonge mmoja, wakahesabiwa kwa namba. Mnyapara hakuweza kutoa amri kwa lugha kumi, basi akaitoa kwa Kiswahili. Lakini na tuseme na upande wa pili, maana husahauliwa: mfanyakazi naye hakuweza kudai ujira wake kwa lugha kumi. Alipotaka kumwambia mwenzake kwamba kipimo cha kazi kimezidi na mshahara umepungua, alimwambia kwa Kiswahili. Lugha ile ile iliyoleta amri ndiyo iliyobeba madai, na vyama vya wafanyakazi vya miaka ya 1950 vilisema na wanachama wao kwa lugha hiyo.

Tukitazama dini, habari ni hiyo hiyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walifungua misheni Mhonda mwaka 1877, na katika miaka ya 1880 wakafika Morogoro chini ya mlima. Uislamu ulikuwa umekwisha kupita njia ya misafara, ukazidi kuenea mjini na tambarare. Matokeo yake ni kwamba Mluguru mmoja ni Mkatoliki na mwingine ni Mwislamu, na mara nyingi wote wawili ni wa ukoo mmoja. Mjomba huweza kuitwa Ramadhani na mpwa wake Polikarpo. Mmoja akifiwa mwingine hulala matanga, na penye tambiko la ukoo wote wawili huketi. Wala dini hizo mbili hazikupigania lugha. Mwalimu wa chuo cha Kurani alifafanua maana kwa Kiswahili, na katekista alifundisha sala kwa Kiswahili. Waliotofautiana katika njia ya kumwabudu Mungu walipatana katika maneno ya kumtaja.

Kisha wakaja wageni wengine, na hao ndio walioifanya Mazimbu ijulikane duniani. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini, yaani chama cha ANC, shamba hilo la mkonge lililoachwa. Wakajenga shule, nyumba, hospitali, karakana na shamba la chakula, wakisaidiwa na mafundi na vibarua wa Kitanzania pamoja na marafiki kutoka nchi nyingi. Shule hiyo ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya Makaburu mjini Pretoria tarehe 6 Aprili, 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Huko Mazimbu kilisikika Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kitswana kando ya Kiluguru na Kiswahili. Wapo waliooana na wenyeji, na wapo waliozikwa pale wasiione nchi yao ikiwa huru. Mwaka 1992 mahali hapo palirudishwa mikononi mwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo yenye jina lile lile la Mahlangu. Vijana hao tutawarudia, maana wana neno la kutuambia.

Basi, kitu gani kilichowafanya watu wote hao, wa kabila nyingi na dini nyingi, waishi bila kuitana wageni? Twajua kwamba utani ulisaidia, na kwamba uongozi uliokataza ukabila na udini ulisaidia sana. Tangu sensa ya mwaka 1967 hakuna Mtanzania aliyeulizwa na karani wa sensa kabila lake wala dini yake, na jambo hilo halikutokea kwa bahati. Lakini juu ya yote hayo ilikuwako lugha, tena lugha yenye sifa moja kubwa: haikuwa mali ya kabila kubwa. Wasukuma, walio wengi kuliko kabila jingine lolote nchini, hawakudai Kisukuma kiwe lugha ya Taifa. Kiswahili kilitoka kwa watu wachache wa pwani na visiwani. Kwa hiyo Mluguru alipokishika hakuhisi kwamba amemwinamia jirani yake. Kila mtu alikuwa mwanafunzi, na kwa sababu hiyo kila mtu akawa mwenyewe.

Si sisi peke yetu tuliopita njia hiyo. Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000, yenye watu zaidi ya milioni 270 na lugha zaidi ya 700. Kiasi cha watu 87 katika kila 100 ni Waislamu. Lakini kisiwa cha Bali ni cha Wahindu, Flores ni ya Wakatoliki, Wabatak wengi wa Sumatra ni Waprotestanti, na miongoni mwa watu wenye asili ya Kichina wamo Wabudha na wafuasi wa Konfusio. Kabila kubwa kuliko yote ni Wajava, ambao peke yao ni kama watu 40 katika kila 100. Kwa hesabu ya wingi, Kijava ndicho kingekuwa lugha ya Taifa. Kwa hesabu ya ukoloni, kingekuwa Kiholanzi. Wao hawakuchagua hiki wala kile. Walichagua Kimalai, lugha ya bandari na majahazi, ambayo wafanyabiashara wa visiwa vyote walikuwa wameitumia kwa karne nyingi, kama Kiswahili kilivyotumika kutoka Lamu mpaka Kilwa.

Msomaji wetu akikisikia Kimalai leo atatambua ndugu zake wa mbali. Wao husema dunia, nasi twasema dunia. Wao husema kitab, wakil, hukum, adil, akal na sabar, nasi twasema kitabu, wakili, hukumu, adili, akili na subira. Bahari ya Hindi iliwagawia pande zote mbili maneno ya Kiarabu kwa mkono mmoja, na lugha zote mbili ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuandikwa kwa herufi za Kilatini.

Kuna mwaka mmoja ambao twaomba usisahauliwe, nao ni 1928. Mwaka huo, mwezi wa Juni, wakubwa wa serikali za kikoloni na wa misheni walikutana Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu cha shule za Afrika Mashariki. Mwaka huo huo, tarehe 28 Oktoba, vijana wa visiwa mbalimbali walikutana Batavia, mji uitwao Jakarta leo, wakaapa kwamba nchi yao ni moja, taifa lao ni moja, na lugha yao ya umoja ni Kiindonesia, jina jipya walilokipa Kimalai. Kwetu lugha ilisanifishwa na watawala kwa haja zao. Kwao ilitangazwa na vijana waliotaka kuwaondoa watawala. Sisi tuliipokea silaha hiyo baadaye na kuigeuza, pale harakati za uhuru za miaka ya 1950 zilipokwenda vijijini na kukuta kwamba mkutano mmoja, kwa lugha moja, watosha kueleweka Lindi na Mwanza.

Katika dini nako wenzetu hao walikata shauri gumu. Mwezi wa Juni 1945 viongozi wao walikuwa wameandika katika utangulizi wa katiba maneno ya kuwalazimisha Waislamu kufuata sheria za dini yao. Tarehe 18 Agosti, 1945, siku moja tu baada ya kutangaza uhuru, maneno hayo yakaondolewa, kwa kuchelea visiwa vya mashariki vyenye Wakristo wengi visijitenge. Nchi yenye Waislamu wengi hivyo ikakubali kusema tu kwamba yamwamini Mungu Mmoja. Aliyekuwa na wingi alijizuia kuutumia wingi wake. Hiyo ndiyo busara ile ile ya Mjava kutodai Kijava na ya Msukuma kutodai Kisukuma.

Mpaka hapo sisi na wao tumekwenda sambamba. Tuliachana njiani, na mahali tulipoachana ni mlangoni mwa shule ya sekondari.

Waindonesia hawakusimama mlangoni. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka nchi yao na kukipiga marufuku Kiholanzi, iliundwa kamati ya kutunga istilahi, na shule zikalazimika kufundisha kwa lugha ya nchi. Baada ya uhuru walisonga mbele bila kurudi nyuma. Leo kijana wa Java au Sulawesi hujifunza fizikia, sheria, uganga na kilimo kwa Kiindonesia mpaka chuo kikuu, na Kiingereza hujifunza kama somo. Hakuna aliyewaambia kwamba lugha ya majahazi haiwezi kutaja sehemu za chembe hai. Walizipa majina, basi zikawa na majina.

Na sisi je? Mwaka 1967 tulikifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za Serikali, na mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano, ulioanza 1969, ulitazamia kwamba sekondari zingefuata. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kidato cha Kwanza kianze kufundishwa kwa Kiswahili mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilitamka kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote, na wakati huo huo Kiingereza kikaachwa palepale kilipokuwa. Sekondari zetu za Serikali hufundisha kwa Kiingereza hata leo. Bunge limekwisha kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021. Nchi za Kusini mwa Afrika, SADC, zimekipokea kuwa lugha yao rasmi ya nne tangu Agosti 2019. Umoja wa Mataifa, kwa njia ya UNESCO, umekipa siku yake, tarehe 7 Julai. Mzee huyu aheshimiwaye ugenini bado husimama nje ya darasa nyumbani kwake.

Matokeo yake kila mwalimu ayajua. Mtoto aliyesoma hesabu na sayansi kwa Kiswahili miaka saba huingia Kidato cha Kwanza na kukuta kwamba yote aliyoyajua yamebadilishiwa majina kwa siku moja. Mwalimu huandika ubaoni kwa Kiingereza, kisha hugeuka na kueleza kwa Kiswahili, kana kwamba afanya kosa. Mtihani hukijia kichwa cha mtoto kwa lugha ya ubao, si kwa lugha ya maelezo. Basi mtoto hukariri. Aliyekariri vizuri hufaulu bila kuelewa, na aliyeelewa bila kukariri huanguka. Kisha sisi tulioshiba hukaa na kusema kwamba watoto wa siku hizi ni wavivu.

Hapa ndipo jambo hili linapowahusu wafanyakazi zaidi ya watu wengine. Mwenye fedha humpeleka mtoto wake shule ya kulipia ifundishayo kwa Kiingereza tangu chekechea. Mtoto huyo akifika Kidato cha Kwanza haoni mlango, huona njia. Mtoto wa kibarua wa kiwandani na mtoto wa mkulima wa Mgeta hugonga mlango kwa kichwa. Zamani tuliogopa kugawanywa kwa kabila na kwa dini, tukajilinda. Sasa twagawanywa kwa lugha ya darasani, na mpaka wa mgawanyiko huo ni mfuko wa mzazi. Lugha iliyobomoa ua wa kabila isipoingia sekondari, ua mwingine utajengwa mahali pale pale.

Tunarudi sasa kwa vijana wa Mazimbu. Wengi wao walikimbia kwao baada ya tarehe 16 Juni, 1976, siku ambayo watoto wa shule wa Soweto waliandamana, nao polisi wakawapiga risasi. Waliandamana kwa sababu gani? Serikali ya Makaburu ilikuwa imeamuru mwaka 1974 kwamba baadhi ya masomo, hesabu ikiwamo, yafundishwe kwa Kiafrikana, lugha ambayo wengi wa watoto na hata walimu wao hawakuimudu. Kwa hiyo twaweza kusema bila kutia chumvi kwamba shule ya Mazimbu ilizaliwa na ugomvi wa lugha ya darasani.

Atatokea mtu mwerevu wa kutukatiza hapa. Atasema: "Watoto wale hawakudai Kizulu wala Kisotho. Walitaka Kiingereza, na Mazimbu yenyewe ilifundisha kwa Kiingereza. Basi mfano wenu wawageukia." Hoja hiyo ni ya kweli, wala hatuikwepi. Lakini na aulizwe ni kwa nini walitaka hivyo. Elimu ya Kibantu iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1953 ilizitumia lugha za makabila kama nyua za ng'ombe: Mzulu huku, Msotho kule, wasipate kusemezana wala kupanda juu. Lugha ya mama ikafanywa kifungo, na lugha ya Kaburu ikafanywa fimbo. Kati ya kifungo na fimbo, walishika Kiingereza, maana ndicho pekee kilichokuwa mikononi mwao cha kuwaunganisha wote. Hawakuwa na lugha ya Kiafrika ambayo si ya kabila moja, ijulikanayo na kila mtu kutoka Cape Town mpaka mto Limpopo. Sisi tunayo. Kile walichokikosa wao ndicho sisi tulichonacho na kukiacha nje.

Yako mapingamizi mengine, nayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Kuna wasemao hakuna vitabu wala istilahi. Lakini Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Vitabu havitangulii uamuzi, hufuata uamuzi. Mchapishaji gani atachapa kitabu cha kemia cha Kidato cha Tatu kwa lugha isiyotahiniwa? Kuna wasemao tutajitenga na dunia. Hatusemi Kiingereza kifukuzwe. Twasema kifundishwe vizuri kama lugha, na walimu waliokisomea, badala ya kufundishwa vibaya kwa kupitia jiografia. Mtoto aliyeelewa jambo kwa lugha yake hulihamisha katika lugha ya pili bila taabu kubwa. Asiyelielewa hana cha kuhamisha. Na kuna wazazi wasemao Kiingereza ndicho ajira. Hao hatuwalaumu. Wanaona nani aajiriwaye. Lawama ni ya waajiri na ofisi zinazopima akili ya mtu kwa matamshi yake.

Faida ya jambo hili haitakuwa ya sekondari peke yake. Pale Mazimbu na katika kampasi kuu ya Sokoine husomwa habari za udongo, mbegu na mifugo, na juu yake kabisa, mlimani, wako wakulima wa ndizi, mboga na viungo wanaohitaji elimu hiyo. Wataalamu wengi hujitahidi kuwaandikia na kuwaeleza wakulima kwa Kiswahili, nao wastahili shukrani. Lakini mtaalamu aliyefundishwa yote kwa Kiingereza hulazimika kuwa mfasiri kabla ya kuwa mshauri. Uluguru yakumbuka elimu isiyoelezwa huleta nini. Mwaka 1955 watawala wa Kiingereza walipowalazimisha Waluguru kulima matuta ya ngazi kwa amri na faini, watu walikataa, ghasia zikatokea Matombo, na mtu mmoja akauawa. Kuzuia mmomonyoko wa udongo si jambo baya. Ubaya ulikuwa kuwaendesha watu wazima kwa amri juu ya ardhi ya ukoo wao bila kusemezana nao.

Twataka pia kuonya juu ya makosa mawili ambayo mpenzi wa Kiswahili huweza kuyafanya. Kosa la kwanza ni kuzidharau lugha za nyumbani. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, ilitaja lugha zaidi ya 150. Katika Kiluguru yamo majina ya miti, ya mizizi ya dawa na ya misimu ya mvua ambayo Kiswahili hakina. Mkubwa asimle mdogo wake. Mtoto wa Mluguru aliyezaliwa mjini akijifunza Kiluguru kwa bibi yake haupunguzi Utanzania wake hata kidogo, na Kiswahili kitakuwa tajiri zaidi kikiazima maneno mlimani kuliko kikiazima yote ng'ambo.

Kosa la pili ni kudhani kwamba lugha moja yatosha. Haitoshi. Waindonesia, pamoja na lugha yao moja, waliuana kwa mamia ya maelfu katika miaka ya 1965 na 1966. Timor ya Mashariki waliyoivamia mwaka 1975 iliwakataa kwa kura mwaka 1999. Watu wenye asili ya Kichina walishambuliwa mjini Jakarta Mei 1998. Na katika kisiwa cha Ambon Wakristo na Waislamu walipigana tangu 1999, wakitukanana kwa lugha moja. Nasi tusijione. Katika mkoa huu huu wa Morogoro, huko Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, Desemba 2000, wakulima zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi na wafugaji. Waliouana wote walikijua Kiswahili. Kilichokosekana pale ni haki ya ardhi na maji iliyoamuliwa mapema. Lugha huwakutanisha watu mezani. Haki ndiyo chakula chenyewe. Lakini asiyeweza hata kuketi mezani atakula nini?

Kwa hiyo twasema hivi. Serikali itaje mwaka, wala isitaje "muda utakapofaa", ambao Kidato cha Kwanza kitaanza kufundishwa na kutahiniwa kwa Kiswahili, na kila mwaka unaofuata kidato kimoja kiongezwe. Walimu waandaliwe na vitabu vichapwe kabla ya mwaka huo kufika. Kiingereza kipewe walimu wake hasa. Vyuo vikuu, na vile vya kilimo vitangulie, viruhusu mwanafunzi kuandika utafiti wake kwa Kiswahili. Wanachama waliulize jambo hili katika mikutano ya matawi, na wafanyakazi waliulize katika vyama vyao, kama wanavyouliza habari za mshahara. Maana elimu isiyoeleweka ni mshahara wa mtoto uliokatwa kabla hajaanza kazi.

Haya si maombi ya kufanyiwa hisani. Waluguru na manamba, Ramadhani na Polikarpo, wenyeji na wageni wa Mazimbu, walikwisha kulipa gharama ya lugha hii walipokubali kila mmoja kujifunza kusema na mwenzake. Kazi yao iliifikisha mpaka mlangoni mwa sekondari. Sisi tuliopokea umoja huo bila jasho letu tunadaiwa hatua iliyobaki, na deni hilo halitalipwa na watu wengine.